Kumfundisha Mtoto Kung'amua Maana ya Neno Geni Ndani ya Habari

Mpe mtoto wa darasa la nne habari yenye neno "kifumbu", neno ambalo hajawahi kulisikia, uone atakavyolisoma. Hatakwama. Atasema ki-fu-mbu na kuendelea hadi nukta, sauti yake ikipanda na kushuka vizuri kabisa. Tahajia ya Kiswahili haina hila, na mtoto aliyeshika KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) katika miaka yake miwili ya mwanzo anaweza kusoma kwa sauti hata muswada wa sheria ya kodi. Mwalimu husikia ufasaha ule akaridhika, mtoto naye husikia sauti yake akaridhika. Kuelewa kunasubiri hadi maswali ya ufahamu yaletwe, na hapo ndipo wote wawili hushangaa.

Kwa hiyo kazi ya kufundisha watoto kukisia maana kwa kutumia muktadha, kwa sisi tunaosoma Kiswahili, huanza mahali tofauti kidogo na miongozo mingi iliyotoholewa kutoka Kiingereza inavyoanza. Kwanza mtoto agundue kwamba neno halijui. Pili, afundishwe kutazama neno lenyewe na upatanisho wake, yaani viambishi vinavyokubaliana nalo katika sentensi, kabla ya kutazama maneno jirani, maana vidokezo vingi vya Kiswahili vimefichwa humo.

Mwongozo huu unamfaa mwalimu wa darasa la tatu hadi la sita, na mzazi anayesoma na mtoto jioni. Sharti ni moja: mtoto awe tayari anasoma kwa mtiririko. Anayekisia herufi kwa kutazama picha, au anayesoma "kuku" mahali palipoandikwa "kuta", mrudishe kwenye silabi kwanza. Hapa tunakisia maana. Matamshi hayakisiwi.

Hatua ya kwanza: tafuta habari inayofaa

Hatua hii hufanyika kabla ya kuingia darasani, nayo ndiyo inayorukwa zaidi.

Habari ikijaa maneno mageni, muktadha wenyewe hauonekani. Watafiti wa usomaji, akiwamo Paul Nation wa New Zealand, wamekuwa wakitaja maneno 98 yanayojulikana katika kila 100 kuwa kiwango kinachomwezesha msomaji kuelewa peke yake bila taabu. Ukiwa darasani pamoja na watoto unaweza kulegeza hadi maneno manne au matano mageni kwa mia. Kupima ni rahisi: mpe mtoto wa wastani ukurasa mmoja na penseli, aweke nukta chini ya kila neno asiloweza kulieleza, kisha uhesabu nukta.

Baada ya idadi, tazama sentensi zenyewe. Si kila sentensi humsaidia msomaji. Mwaka 1983, Isabel Beck na wenzake wawili huko Marekani waliugawa muktadha katika makundi manne, na mgawanyo huo bado unafaa. Chukua neno "dhoruba":

"Dhoruba ilivuma usiku kucha, ikang'oa miti na kuezua mapaa." Hapa mtoto ana kila anachohitaji.

"Dhoruba ile iliwatisha wavuvi." Anajua ni kitu cha kutisha, basi. Inaweza kuwa papa.

"Juma alitusimulia habari za dhoruba." Hapati chochote.

"Watoto walipoona dhoruba walicheka na kurukaruka kwa furaha." Hii inampoteza. Ataapa kwamba dhoruba ni aina ya keki.

Habari za kweli zina sentensi za aina zote nne, na mtoto anapaswa kulijua hilo mapema. Lakini wiki za mwanzo mpe za aina ya kwanza tu. Kitabu chako kisipokuwa nazo, andika habari fupi mwenyewe. Nitatumia hii hapa kuanzia sasa hadi karibu na mwisho:

"Mama alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi mbili, sinia likiwa mbele ya miguu yake. Nazi yote akaitia katika kifumbu, akamimina maji ya vuguvugu, kisha akakibana kwa mikono miwili. Tui likachuruzika bakulini, machicha yakabaki ndani. Machicha yale akawarushia kuku, wakayagombania."

Kwa watoto wa Dodoma au Kakamega habari hii ina maneno matatu au manne ya kutafuta. Kwa watoto wa Tanga au Lamu haina hata moja, watakucheka. Wao waandikie habari ya kusukasuka maziwa ndani ya kibuyu hadi siagi ijitenge.

Hatua ya pili: mtoto akubali kwamba halijui neno

Iandike habari ubaoni au kwenye manila kwa herufi kubwa. Isome kwa sauti mara moja, watoto wakifuata kwa macho. Kisha onyesha neno moja moja na uwaombe wainue vidole: kimoja kwa "silijui", viwili kwa "nimewahi kulisikia", vitatu kwa "naweza kumweleza mdogo wangu". Kile cha tatu ndicho kipimo chenyewe. Ukimuuliza mtoto "Unajua maana ya neno hili?" atasema "Ndiyo, mwalimu" hata kama hajui, kwa sababu amezoea kwamba asiyejua huchekwa. Ukimwambia amweleze mdogo wake, atajishuku mwenyewe.

Kicheko kikatazwe siku ya kwanza kabisa. Na wewe inua kidole kimoja kwa neno fulani siku moja moja. Mwalimu asiyewahi kuonekana hajui neno anafundisha kwamba kutojua ni aibu.

Utaona vidole vitatu vikiinuliwa kwa neno "mbuzi" (hapa ni kifaa cha kukunia nazi), tena kwa kujiamini. Usisahihishe. Waache wabaki na picha ya mama aliyemkalia mnyama huku akikuna nazi. Baadhi wataanza kutazamana. Mtoto anayesema "Mwalimu, lakini mbuzi si ataondoka?" ameshagundua jambo muhimu kuliko maana ya neno: kwamba neno linalojulikana nalo linaweza kuwa geni. Mara nyingi haya huwa magumu kuliko mapya, kwa kuwa hayajitangazi.

Hatua ya tatu: fikiri kwa sauti, watoto wakisikiliza

Kumwambia mtoto "tumia muktadha" hakumsaidii. Hajui muktadha unatumiwaje, mwonyeshe. Simama mbele ya ubao, gusa neno "kifumbu", kisha sema yanayopita kichwani mwako bila kuuliza swali lolote:

"Akaitia katika kifumbu. Kifumbu sikijui. Kuna neno 'katika', basi ni kitu ambacho vitu hutiwa ndani yake. Naendelea. 'Akakibana kwa mikono miwili.' Hiyo 'ki' ni ya nani? Ingekuwa nazi, angesema 'akaibana'. Ingekuwa maji, angesema 'akayabana'. Kumbe kilichobanwa ni kifumbu chenyewe. Kitu kinachobanika kwa mikono hakiwezi kuwa sufuria wala bakuli. Tui likachuruzika, machicha yakabaki ndani. Basi kina matundu: kinapitisha maji na kuzuia makapi. Nadhani ni kama kimfuko au kikapu kidogo cha kuchujia. Sina hakika kimetengenezwa kwa nini. Habari haisemi, nami sihitaji kujua ili niendelee."

Sentensi mbili za mwisho usizisahau. Watoto wengi hudhani kazi haijaisha mpaka wapate maana kamili kama ya kamusi. Kwamba kifumbu husukwa kwa ukili ni jambo zuri kulijua, lakini mtoto aliyepata "kitu cha kuchujia tui" ameielewa habari. Vivyo hivyo akikutana na "Tulipumzika chini ya mkwaju", akitambua kwamba ni mti wenye kivuli, asonge mbele. Kumsimamisha pale ni kumnyima raha ya hadithi bure.

Siku inayofuata fanyeni pamoja na neno "machicha". Sasa unauliza, wao wanatafuta: yalibaki wapi? Yalitoka katika nini? Nani aliyala? Wataleta "makapi", "mabaki ya nazi", "chakula cha kuku". Hilo la mwisho si la kukataliwa moja kwa moja. Muulize aliyelisema: "Mama alikuna nazi ili apate chakula cha kuku?" Atajirekebisha mwenyewe. Siku ya tatu wawili wawili wafanye peke yao, wewe ukizunguka na kusikiliza.

Hatua ya nne: lifungue neno lenyewe

Hapa Kiswahili kina ukarimu ambao lugha nyingi hazina, nasi hatuutumii ipasavyo. Kitenzi kirefu kinachomtisha mtoto mara nyingi ni kitenzi kifupi anachokijua kilichovikwa viambishi. Andika ubaoni "hawakutufungulia". Waambie wafute kipande kimoja kimoja: nani? Hao. Walifanya au hawakufanya? Hawakufanya. Kwa ajili ya nani? Sisi. Kinachobaki ni "fungua", na nyuma yake "funga".

Fanyeni zoezi hili mara nyingi, kwa haraka, kama mchezo. Dakika tano asubuhi zinatosha.

Kisha wafundishe jozi za kutenda na kutendua, kwa sababu ndizo zinazofungua maneno mengi kwa mara moja. Funga na fungua wanazijua. Ziba na zibua pia. Waongezee kunja na kunjua, tega na tegua, panga na pangua, fuma na fumua, choma na chomoa, anika na anua, ezeka na ezua. Mtoto aliyewahi kuona nyumba ikiezekwa bati, akikutana na upepo "ulioezua mapaa", hana sababu ya kukwama.

Nomino nazo zina mbinu zake. Mtu atendaye: msomaji, mfinyanzi, mlinzi. Kifaa kinachoanza kwa ki- na kuishia kwa -o: kifuniko hufunika, kizibo huziba, kiegemeo huegemewa. Sifa inayoanza kwa u-: mchoyo na uchoyo, mtundu na utundu. Usiwape orodha hii kwa siku moja. Subiri neno litokee katika habari, lifungueni, kisha waulize ni maneno gani mengine wanayoyajua yaliyojengwa vile.

Tahadhari ni mbili, na watoto wazipate mapema kabla hawajanogewa. Si kila kinachofanana kimezaliwa pamoja: "chagua" haina uhusiano wowote na "chaga", "sumbua" haitengui chochote, na "kiboko" si boko dogo. Pia si kila m- ni mtu. Mkoba hauwezi kukoba. Kwa sababu hiyo, lolote linalopatikana ndani ya neno lipelekwe mbele ya sentensi nzima kabla ya kukubaliwa.

Hatua ya tano: sikiliza upatanisho

Waandikie watoto sentensi hizi mbili ubaoni:

"Korongo alitua kando ya mto."

"Korongo lilijaa maji, tukashindwa kuvuka."

Waulize: korongo ni nini? Watabishana, na wote watakuwa na haki. Katika sentensi ya kwanza kiambishi a- kinasema wazi kwamba anayetajwa ana uhai, na "alitua" inaongeza kwamba ana mbawa. Katika ya pili, li- inasema ni kitu, na maji yanasema ni kitu chenye kina. Mtoto ambaye hajawahi kulisikia neno korongo maishani anaweza kuyapata yote mawili kwa kusikiliza kiambishi kimoja.

Mifano ya namna hii imejaa tele. Paa aliruka kichakani, paa linavuja. Kaa alimbana kidole. Kaa lilimuunguza kidole. Kurudi kwa mama yetu na nazi zake: "Mbuzi wake amevunjika mguu" na "Mbuzi yake imevunjika mguu" ni misiba miwili tofauti, na mguu umo katika yote miwili. Sentensi hii ya mwisho iwekwe darasani kwa makusudi, watoto hawaisahau.

Eleza pia kwamba kiambishi cha kati hufuatilia kitu kutoka sentensi hadi sentensi. Tuliona "akakibana". Mtoto akizoea kuuliza "hiyo ki, hiyo li, hiyo ya ni ya nani?", anaweza kulifuata neno geni katika aya nzima na kukusanya habari zake: walikichukua, wakakitia maji, wakakifunika. Hili ni zoezi zuri kwa penseli: duara kwenye neno geni, mstari chini ya kila kiambishi kinacholirejelea.

Upatanisho una mipaka yake. Katika "alikaa juu ya mbuzi" hakuna kiambishi kinachosaidia, kwa kuwa "ya" ni ya "juu". Hapo msomaji hana budi kutegemea akili ya kawaida: mtu hakuni nazi akiwa juu ya mnyama.

Hatua ya sita: tazama majirani

Sehemu hii inapatikana katika vitabu vingi, kwa hiyo nitaipita upesi. Kuna maneno yanayotangaza kwamba maana iko karibu. "Yaani" na "maana yake" huleta maelezo. "Kama vile", "mathalani" na "vingine" huleta mifano: aliyesoma "dagaa, maharage, mchicha na vitoweo vingine" anaweza kusema kitoweo ni nini. "Kwa sababu", "hivyo" na "ndiyo maana" huonyesha chanzo na tokeo. "Lakini", "bali", "ijapokuwa" na "tofauti na" huleta kinyume: "Juma ni bahili, lakini dada yake humpa kila mgeni chakula." Hapo bahili hahitaji kamusi.

Neno la kuangaliwa sana ni "au". Mara huleta neno lenye maana ileile, kama "ndovu au tembo", mara huleta chaguo jingine kabisa, kama "fenesi au doriani". Mtoto aliyefundishwa kwamba "au" daima huleta kisawe atapotea hapa, na atapotea akiwa na uhakika.

Waambie watoto pia wasikomee kwenye sentensi yenye neno. Dokezo laweza kuwa sentensi mbili mbele. Kwa kweli, amri ninayoiona ina faida kuliko zote kwa mtoto aliyekwama ni "soma tena kuanzia sentensi ya nyuma, kisha soma mbele mpaka mwisho wa aya". Nusu ya matatizo huisha kabla ya mbinu nyingine yoyote.

Hatua ya saba: kisio lirudi kwenye sentensi

Kisio lisilojaribiwa ni bahati nasibu. Mtoto aondoe neno geni, aweke kisio lake mahali pale, asome sentensi yote kwa sauti. "Nazi yote akaitia katika mfuko wa kuchujia, kisha akaubana." Inakwenda. "Nazi yote akaitia katika sufuria, kisha akaibana kwa mikono miwili." Haiendi, na mtoto mwenyewe anasikia kwamba haiendi. Upatanisho utabadilika na kisio, hilo ni sawa. Tunachopima ni maana.

Mtoto akikosea, usimwambie "Siyo!" na kumgeukia mwingine. Muulize: "Umeona nini hadi ukasema hivyo?" Majibu yatakuambia mengi. Mmoja alitazama neno moja tu la jirani. Mwingine aliona dokezo sahihi akalipima vibaya. Wa tatu alikisia kwa sababu mwenzake alisema. Kila mmoja anahitaji msaada wake, na jibu "siyo" halimpi yeyote kati yao.

Hatua ya nane: kamusi mwishoni, na namna ya kulikuta neno ndani yake

Kamusi ije kuthibitisha kisio. Ikiletwa mwanzoni inaua kazi yote ya kufikiri. Ikinyimwa kabisa, mtoto anabaki na kisio bovu kwa miaka.

Lakini mtoto wa darasa la nne akipewa Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA na kuambiwa atafute "akakibana", atafungua herufi A na kurudi mikono mitupu. Hapa mazoezi ya hatua ya nne yanalipa: avue viambishi vya mbele apate "bana". Minyambuliko mingi nayo huwekwa pamoja na kitenzi cha msingi, kwa hiyo asipoona "fungulia" ajaribu "fungua", kisha "funga". Kwa nomino atafute umoja. Kuta ziko chini ya ukuta, nyufa chini ya ufa, nyavu chini ya wavu, meno chini ya jino.

Akilipata neno, kuna kazi ya mwisho. Chini ya "kata" atakuta kukata kwa kisu, kata ya kiutawala, kata ya kuchotea maji na kata ya kichwani ya kujitwikia mzigo. Achague ipi? Ile inayokubaliana na habari yake. Ndiyo maana mitihani huandika "eleza maana ya neno hili kama lilivyotumika katika habari", na ndiyo maana watoto wanaokariri orodha za maneno na maana zake huanguka pale pale.

Maneno yote yanajulikana, maana haijulikani

Watoto wakishazoea, wapeleke kwenye nahau. "Usiku wa manane alirudi amevaa miwani, akibisha mlango wa jirani na kugombana na funguo." Kila neno hapo wanalijua. Waulize kwa nini habari imemtaja mtu na miwani yake usiku, na kwa nini amekosea mlango. Wakubwa kidogo watacheka kabla ya wengine. Vivyo hivyo kwa "kupiga chuku", "kula chumvi nyingi" na "kupiga moyo konde". Kanuni haibadiliki: maana inayokuja kwanza ikigongana na habari, iache utafute nyingine.

Wapenzi wa mpira mna msaada wa bure. Mtoto anayesikiliza utangazaji redioni alijifunza "mwamba", "kuotea" na "mlinda mlango" bila kufundishwa na mtu, kwa kusikia mpira ukigonga mwamba na watu wakishika vichwa. Mkumbushe hilo anapolalamika kwamba hawezi.

Ratiba, na darasa lenye watoto wengi

Maneno mawili kwa siku yanatosha, dakika kumi hadi kumi na tano. Zaidi ya hapo kipindi kinageuka kuwa cha msamiati na hadithi inapotea.

Usitegemee neno likae baada ya kukutana nalo mara moja. Watafiti wa Uholanzi, Swanborn na de Glopper, walipokusanya matokeo ya tafiti 20 mwaka 1999 waliona kwamba wanafunzi hushika takriban maneno 15 katika kila 100 mageni wanayokutana nayo wakisoma kawaida. Kwa hiyo neno la Jumatatu lirudi Jumatano katika sentensi nyingine na Ijumaa katika mdomo wa mtoto. Weka karatasi ukutani yenye maneno ya wiki, na kando ya kila neno dokezo lililolifichua. Maana yenyewe isiandikwe pale.

Darasa likiwa na watoto themanini na vitabu kumi, manila moja ukutani hufanya kazi kuliko vitabu vinavyogombaniwa. Gawa vikundi vya watano, kila kikundi kiwe na mtoto mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza swali moja tu: "Umejuaje?" Mbadilishe kila wiki. Wakimya wapewe kazi hiyo mapema, kwa sababu inawapa la kusema bila kuhitaji jibu.

Nyumbani mambo ni mepesi zaidi. Mzazi asome pamoja na mtoto kurasa mbili, asimame kwenye neno moja tu, aulize anadhani ni nini na kwa nini, kisha waendelee. Akisimama kwenye kila neno, kesho mtoto atajifanya amelala.

Kujua kama wameelewa

Ukitumia maneno ya kweli kupima, hutajua nani amekisia na nani alikuwa akilijua neno tangu kwao. Buni neno lisilokuwapo, lakini lifuate ngeli:

"Babu alichukua kidoswa chake, akakitia maji, akakiinua mdomoni, akanywa. Mjukuu alipokipokea kikamponyoka, kikapasuka vipande vipande."

Mtoto aandike mambo mawili: kidoswa ni nini, na maneno gani yamemwambia. Anayejibu "kikombe" au "kibuyu" na kutaja "akakitia maji" na "akanywa" amepata. Anayejibu "kikombe cha bati" mrudishe kwenye "kikapasuka". Anayejibu "kisima" ameona maji tu. Yeye arudie zoezi la kufuatilia viambishi, kisha umuulize ni nani awezaye kuinua kisima mdomoni. Wakimaliza, kila mmoja abuni neno lake, aliandikie sentensi tatu na kumpa mwenzake akisie. Mwenzake akishindwa, aliyeandika ndiye atakayeongeza dokezo moja na kujaribu tena.